Uzi: Fear Inoculum ya Tool ni albamu ya mpiga ngoma, na anayemsubiri mwimbaji atachoka

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Albamu ya Tool, bendi ya roki ya Marekani, iitwayo Fear Inoculum, ilitoka tarehe 30 Agosti 2019, miaka 13 baada ya 10,000 Days, na tangu siku hiyo mabishano ninayoyasoma yamejikita kwenye urefu wa nyimbo. Wapo wanaosema bendi imejisahau na haijui tena mahali pa kukomea, na wapo wanaowajibu kwamba urefu huo ndio ukubwa wa kazi yenyewe na asiyeweza kukaa nao arudi kwenye nyimbo za dakika tatu. Nimeleta uzi huu kwa sababu naona pande zote mbili zinavutana juu ya jambo ambalo hata si geni kwa bendi hii.

Tuangalie hesabu kwanza. Ænima ya mwaka 1996, Lateralus ya 2001 na 10,000 Days ya 2006 zote zina zaidi ya dakika 75, maana yake Tool wamekuwa wakiijaza CD hadi ukingoni kwa zaidi ya miaka 20 bila mtu kushtuka. Kilichobadilika ni idadi ya nyimbo. Lateralus ilikuwa na vipande 13 na 10,000 Days ilikuwa na 11, ilhali CD ya sasa ina vipande 7 tu ndani ya dakika 79, na 6 kati ya hivyo vinapita dakika 10 kila kimoja. Kile kimoja kinachobaki, Chocolate Chip Trip, kina dakika 4 na sekunde 48, na ndani yake anasikika Danny Carey na ngoma zake akicheza juu ya sauti za sinthesaiza (ala ya kielektroniki ya kutengeneza sauti), hakuna mwimbaji.

Hapo ndipo ninapoiona hoja yangu. Katika Ænima aliyekuwa akituongoza ndani ya wimbo ni mwimbaji Maynard James Keenan: anaanza kwa kunong'ona, anapandisha, anafika kwenye kiitikio, anapiga kelele, na sisi tunajua tuko wapi kwa sababu sauti yake ndiyo iliyotushika mkono. Katika albamu hii Keenan ameachia nafasi hiyo. Anaimba kwa utulivu, kwa noti ndefu, mara nyingi baada ya ala kuzungumza kwa dakika nzima au zaidi, kisha anaondoka na kuziacha ala ziendelee. Descending unaanza kwa sauti ya mawimbi ya bahari, Keenan anaingia, anasema lake, na sehemu kubwa ya nusu ya pili ni ala tupu. Msikilizaji aliyezoea kumfuata mwimbaji ataona wimbo umekwisha na bado kuna dakika kadhaa za kuvumilia, lakini atakayemfuata mpiga ngoma atagundua kwamba wimbo ndiyo kwanza unafika kwenye lengo lake.

Sikilizeni wimbo unaobeba jina la albamu kwa kufuata jambo hilo moja tu. Mwanzoni kuna sauti ndefu zinazofanana na za nyuzi zinazopigwa kwa upinde, kisha yanaingia mapigo madogo madogo ya ngoma za kielektroniki yenye ladha ya tabla, ngoma za Kihindi, na hayo mapigo ndiyo yanayoamua kila kitu kinachofuata. Gitaa la Adam Jones linakuja kuweka rangi, besi ya Justin Chancellor inakuja kuongeza uzito, ila mwelekeo unatoka kwa Carey. Anapohama kutoka ngoma ndogo kwenda ngoma kubwa, wimbo mzima unahama naye, na anapopunguza hata Keenan anapunguza. Dakika 10 na sekunde 20 zimejengwa kwa namna hiyo, na kila hatua imepewa muda wa kukomaa kabla ya inayofuata.

Ukiniuliza ni wapi bendi hii imethubutu zaidi, nitakutajia kitu ambacho wengi wanakilalamikia: vilele ni vichache. Katika Pneuma kuna sehemu ya katikati ambapo sauti zinapungua hadi karibu kubaki sinthesaiza na mapigo mepesi, na bendi inakaa hapo kwa muda ambao bendi nyingine ingeshaogopa kupoteza wasikilizaji. Wanaporudi na uzito wao wote, kurudi huko kuna nguvu kwa sababu ya subira iliyotangulia. Ni uamuzi wa watu wanaojiamini, na bendi za roki zenye umri wao kwa kawaida hufanya kinyume chake, yaani huharakisha na kupaza ili zionekane bado zina damu ya ujana.

Kwa bahati nzuri hilo la umri wenyewe wamelizungumzia. Invincible ni wimbo wa shujaa aliyezeeka ambaye bado anatafuta vita vya kumthibitisha, na sidhani kama kuna msikilizaji ambaye hataona kwamba wanajisema wao. Bendi ilianzishwa Los Angeles mwaka 1990. Keenan anauimba wimbo huo bila kujionea huruma, na sehemu ya mwisho, gitaa na ngoma zinapoanza kugonga pamoja kama nyundo, kwangu ndiyo dakika bora kuliko zote za albamu hii.

Sasa nielekee kwenye kasoro, maana sikuja hapa kuimba mapambio. Toleo la kidijitali lina dakika 86 na ushee kwa sababu limeongezewa vipande vitatu vya kuunganisha nyimbo: Litanie contre la Peur, Legion Inoculant na Mockingbeat. Vipande hivi kwa jumla havifiki dakika 8 na havikuingia kwenye CD, ambayo kwa kawaida hubeba takriban dakika 80. Ukweli ni kwamba CD imefaidika. Albamu inayotegemea subira haihitaji mapumziko ya ziada katikati, na Mockingbeat, ambao unakuja baada ya 7empest, wimbo wa mwisho wa CD, unalivuruga hitimisho lililokuwa limejitosheleza. Ushauri wangu kwa anayesikiliza mtandaoni ni kuviruka vyote vitatu kwa mara ya kwanza.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja, na ningeomba tusirudi kwenye kubishania saa.

#2 Mchangiaji

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, ila naona umeigeuza kasoro kuwa sifa kwa ufundi wa maneno.

Unasema Keenan ameachia nafasi. Mimi nasema Keenan hayupo. Katika miaka hii 13 mtu huyu hakuwa amelala. Ametoa kazi na bendi yake nyingine, Puscifer, na mwaka 2018 alitoa albamu na bendi ya A Perfect Circle, na humo anaimba kama mtu mwenye jambo la kusema. Ukimsikiliza hapa unamwona mtu aliyeletewa nyimbo zilizokwisha kujengwa na kuambiwa atafute pa kupenya. Bendi yenyewe haijaficha kwamba utaratibu wake kwa miaka mingi ni ala kwanza na maneno baadaye. Utaratibu huo ulizaa matunda pale ala zilipokuwa zikimwachia nafasi, lakini hapa zimejaa kila pembe na yeye amebaki kuelea juu yake.

Pili, hujataja kwamba tumeshayasikia mengi ya haya. Besi ya Chancellor yenye mwangwi, gitaa linalogonga noti moja nzito kwa mzunguko, ngoma zinazopanda polepole hadi kupasuka: yote yalikuwamo kwenye Lateralus, na kule yalikuwa na maneno yaliyofumwa ndani ya muziki kwa namna ambayo hadi leo watu wanaizungumzia. Wimbo uliobeba jina la albamu ile ulipanga silabi za Keenan kwa kufuata mfuatano wa Fibonacci, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, yaani 1, 1, 2, 3, 5, 8 kisha kurudi chini, na mapigo ya kiitikio yalikwenda 9, 8, 7. Pale mwimbaji na mpiga ngoma walikuwa wakifanya hesabu moja. Kama kuthubutu ni kigezo, basi mwaka 2001 walithubutu zaidi, na hawakuhitaji kila wimbo uvuke dakika 10 ili tuwaamini.

Naikubali Invincible. Naikubali pia nusu ya Pneuma. Hata hivyo, mtayarishaji mwenye mkasi angetuletea albamu ya dakika 55 ambayo tungeisikiliza kila wiki, badala ya hii ambayo tunaiheshimu kwa mbali.

#3 Mchangiaji

Wakuu, mimi ni mpiga ngoma, si wa kiwango cha kutajwa kwenye uzi wenye jina la Danny Carey, lakini nimeshika fimbo kwa miaka ya kutosha kuelewa anachofanya. Naomba niongeze upande wa ufundi, kwa sababu maneno kama "ngoma tata" yanatumika sana bila maelezo.

Namba 7 imetawala albamu hii. Wanabendi wameeleza katika mahojiano kwamba walipokutana kutunga walijikuta wanaleta vipande vingi vya mapigo 7, na hatimaye wakaamua kuifuata njia hiyo badala ya kuikwepa. Ndiyo maana hata jina la wimbo wa mwisho limeandikwa na tarakimu hiyo mwanzoni. Kupiga 7 si jambo la ajabu, mwanafunzi yeyote mwenye bidii hujifunza. Ajabu iko kwenye kuifanya 7 isisikike kama inachechemea. Tuseme gitaa linarudia kipande cha mapigo 7 na ngoma inahesabu 4. Wawili hao wakianza pamoja hawatakutana tena mwanzoni mwa vipande vyao hadi mapigo 28 yapite. Kati ya hapo sikio la msikilizaji linavutwa huku na kule, na kazi ya mpiga ngoma ni kuamua amwonyeshe njia kwa kusisitiza ile 4, au amwache apotee kidogo kwa kuifuata 7 ya gitaa. Carey anabadilisha uamuzi huo ndani ya wimbo mmoja, wakati mwingine miguu ikifuata hesabu moja na mikono hesabu nyingine.

Jaribuni zoezi moja. Chukueni vipokea sauti vya masikioni, wekeni Pneuma, na kwa mara moja tu msisikilize kitu kingine isipokuwa ngoma ya mguu. Mtaona kwamba hairudii kazi ya besi wala ya gitaa, inajibu. Kisha rudieni wimbo uleule mkifuata matoazi peke yake. Ni kama kusikia wimbo mwingine, na wala sizungumzii madoido, kwa maana ukiyaondoa matoazi yale sehemu nzima inakosa mwendo.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada kwamba kiongozi ni Carey. Ninapotofautiana naye ni kwenye Chocolate Chip Trip, ambayo ameipita haraka mno. Sinthesaiza pale inajizungusha kwa mpangilio wake usiojali mtu, naye anaujengea nyumba juu yake kipigo baada ya kipigo. Wanaoiita kijazio wanaitaka iwe wimbo, ilhali haikuomba kuwa wimbo.

#4 Mchangiaji

Mimi nina neno fupi kuhusu kifurushi chenyewe, kwa sababu nacho ni sehemu ya ukubwa wa kazi hii. CD iliuzwa Marekani kwa takriban dola 45 ikiwa na skrini ya inchi 4 inayochajiwa, spika ya wati 2, waya wa kuchajia na kijitabu cha kurasa 36. Ukifungua, video inaanza kucheza yenyewe. Nimeishika mkononi na sikatai kwamba inavutia, hasa kwa bendi ambayo gitaa lake liko mikononi mwa mtu aliyewahi kufanya kazi ya kutengeneza viumbe na madoido ya filamu na anayesimamia sura za albamu zote. Lakini wakati huohuo, tarehe 2 Agosti 2019, bendi ileile iliweka albamu zake zote kwenye mitandao ya kusikiliza muziki baada ya kugoma kwa miaka. Sijui wengine mnaonaje, kwangu ile skrini ni pambo la wakusanyaji vitu, na albamu ingepimwa vilevile bila hiyo.

#5 Mchangiaji

Mkuu wa #4, pambo au si pambo, watu wamenunua. Katika wiki ya kwanza albamu imehesabiwa takriban nakala 270,000 Marekani, na takriban 248,000 kati ya hizo ni mauzo halisi ya albamu, wala si kusikilizwa mtandaoni. Imeingia kwenye chati ya albamu ya Billboard ikiwa namba 1 na kuiondoa albamu ya Taylor Swift iliyokuwa imekaa hapo wiki moja tu. Na wimbo wa kwanza, wenye dakika zaidi ya 10, wakati huo ulikuwa mrefu kuliko nyimbo zote zilizowahi kuingia Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard, ukiupita Blackstar wa David Bowie uliokuwa na dakika 9 na sekunde 57. Kwa roki ya mwaka 2019 hilo si jambo dogo, ingawa nakiri halijibu swali la kama albamu ni nzuri.

#6 Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Nianze na ndugu wa #2, kwa sababu hoja yake ndiyo yenye meno.

Kuhusu Keenan, naona tunasikia kitu kimoja na kukipa majina mawili. Ni kweli ameletewa nyimbo zilizokwisha kujengwa. Mtu aliyeletewa nyumba iliyokwisha kujengwa anaweza kulazimisha samani zake ziingie zote, au anaweza kuchagua kiti kimoja na kukiweka mahali penye mwanga. Keenan amefanya hilo la pili. Sikiliza Culling Voices, ambao ni kipimo kizuri kwa sababu mpiga ngoma ninayemsifu hayumo katika sehemu kubwa ya mwanzo. Ngoma kamili zinasubiri hadi wimbo umepita nusu. Pale Keenan amebaki na magitaa yanayopigwa polepole, anaimba kuhusu mazungumzo ya kichwani ambayo hayakuwahi kutokea na jinsi mtu anavyoweza kumchukia mwenzake kwa sababu ya maneno ambayo hakuyasema. Ni uimbaji makini, wa karibu, wenye hofu ndani yake. Huwezi kusema mwimbaji huyo hayupo. Na ngoma zinapoingia hatimaye, zinaingia zikiwa na maana, kwa sababu tumeishi bila hizo kwa dakika kadhaa.

Kuhusu Lateralus, nakubali kwamba pale hesabu ilikuwa ya wote wanne na kwamba jambo hilo halijarudiwa hapa. Sikubali kuhusu mkasi. Ukiikata Descending ibaki dakika 7, utabaki na sehemu ambayo Keenan anaimba na kilele, na utakuwa umeondoa ule mteremko mrefu unaokifanya kilele kiwe kilele. Wimbo ambao ningeukata mimi ni 7empest, ambao watu wengi wanautaja kuwa bora wa albamu. Una dakika 15 na sekunde 43, na Adam Jones amejaza humo solo juu ya solo. Anapiga kwa moyo, labda kuliko alivyowahi kupiga, lakini baada ya dakika ya 10 nahisi wimbo unaongozwa na gitaa lisilojua linakokwenda huku Carey akiwa nyuma analishikia taa.

Ndugu wa #3, ule uchambuzi wa 7 dhidi ya 4 ungepaswa kuwa kwenye posti ya kwanza. Kuhusu Chocolate Chip Trip, niliitaja kwa kifupi kwa sababu sina la kuongeza juu ya ulilosema.

#7 Mchangiaji

Nimesoma kuanzia #1 na ninashangaa kwamba hakuna aliyetaja uchanganyaji wa sauti. Joe Barresi, fundi wa sauti aliyefanya nao kazi pia kwenye 10,000 Days, ameziweka ngoma mbele kuliko albamu yoyote ya Tool ninayoikumbuka, na sauti ya Keenan ameizamisha kidogo katikati ya ala. Mabishano yenu yote ya nani anaongoza yameamuliwa na mkono wa mtu huyo kwenye meza ya studio. Kwenye spika ndogo za simu utasikia mwimbaji dhaifu na gitaa linalonguruma. Kwenye spika zenye besi ya kutosha utasikia anachokisema mleta mada. Kabla hatujahukumu, kila mmoja aseme anasikilizia wapi.

#8 Mchangiaji

Mkuu wa #7, nasikilizia vipokea sauti vya kawaida, na bado nasema #2 yuko sahihi kuhusu Pneuma kuwa na nusu nzuri na nusu ya kusubiri. Tofauti na ninyi nyote, mimi niliyasikia baadhi ya haya kabla: Invincible na Descending zilipigwa jukwaani mwezi Mei 2019, na rekodi za simu za mashabiki zikasambaa. Descending ya jukwaani ilikuwa na ukali ambao studio imeulainisha. Huenda nyimbo hizi zilitungwa kwa ajili ya ukumbi mkubwa zaidi ya chumba.

#9 Mchangiaji, Februari 2020

Wakuu, naufufua uzi huu kwa sababu tarehe 26 Januari 2020 7empest umeshinda Grammy ya utumbuizaji bora wa metali, na wimbo uliobeba jina la albamu uliteuliwa kwenye kundi la wimbo bora wa roki. Namkumbusha mleta mada kwamba 7empest ndio wimbo aliotaka kuukata.

#10 Mleta mada

Ndugu, tuzo nimeiona na nawapongeza, hasa Jones, kwani gitaa lake limekaa kwenye kivuli cha wenzake kwa miaka mingi. Nimeurudia wimbo huo mara nyingi tangu Septemba. Dakika 5 za mwanzo ni miongoni mwa ukali bora waliowahi kuurekodi, na Keenan pale anauma maneno kama alivyokuwa akiyauma zamani, jambo ambalo ndugu wa #2 alilililia tangu mwanzo bila kutaja kwamba limo katika wimbo huu. Sehemu ya mwisho, Keenan anaporudi, nayo haina mjadala. Ni zile solo za katikati ambazo bado zinanishinda, na hata Carey anaonekana kuzihimiza zimalizike: sikilizeni anavyozidi kujaza mapigo kila Jones anapoanza mzunguko mwingine. Mkasi wangu ungepita hapo tu.